Bomba la Moto na Mlango wa Ghala

Kisa hiki nilipewa na Bi. Mwanajuma, mke wa fundi Shomari mwenyewe, mwaka wa sabini na saba, tukipukuchua mahindi uani kwake Igalula. Mumewe alikuwa amekaa pale pale anasikia, wala hakukanusha hata neno moja, ila alihamisha kigoda chake mara mbili.

Shomari alikuwa mpaka rangi wa Tabora mjini. Walipohamia kijiji cha ujamaa akapewa jembe kama watu wote. Wiki nzima ya kwanza katika shamba la kijiji alilima tuta moja na nusu, na ile nusu ilipinda. Viganja vikajaa malengelenge, kiuno kikagoma, na akina mama wakawa wanamsubiri mwisho wa mstari wakimpigia vigelegele.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji, Lugembe, alipomwita.

"Fundi, mlango wa ghala una rangi juu ya rangi tangu wakati wa Wajerumani. Ubandue, uupake upya kabla ya Jumatatu. Mgeni kutoka wilayani anakuja. Ukipendeza, kamati itakufanya fundi wa kijiji. Usipopendeza, Jumatatu tuko wote kwenye tumbaku."

Shomari alirudi nyumbani anacheka peke yake. Kutoka mjini alikuwa amekuja na bomba lake la moto, chombo cha shaba kama birika. Unatia mafuta ya taa, unapiga pampu, na mdomo unatema ulimi wa bluu unaolainisha rangi mpaka ibanduke kwa kikwangulio. Marehemu Fundi Mussa, aliyemfundisha kazi, alimchapa makofi mengi juu ya bomba lile. Moto ukishauwasha, alikuwa akimwambia, huutupi wala huuachi. Unauzima kwanza, mengine baadaye.

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kilikuja kutazama. Ghala lilikuwa nyumba ya mfanyabiashara wa zamani, kando ya njia ya misafara, lenye fremu nene za mninga. Paa lilikuwa la nyasi, na ndani mlikuwa na magunia ya mbegu za pamba mpaka juu. Shomari akaweka ndoo ya mchanga, akavaa glavu, akajifunga khanga ya mkewe puani, akachora mstari chini.

"Mtu asivuke hapa. Na watoto wakae upande unakotoka upepo."

"Fundi," akasema Getruda, yule kiongozi wa vigelegele, "khanga hiyo imekukaa kuliko mwenyewe."

"Moshi wa rangi ya kale ni sumu, Mama. Au nikuvulie, uuvute wewe?"

Watu wakacheka. Mzee Luhende, mrina asali, hakucheka. Alisogea mpaka kwenye mstari.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeugonga?"

"Nigonge nini? Humo ndani hamna mwenyewe."

"Sisi mti hatuupelekei moto kabla ya kuugonga na kuusikiliza."

"Huo ni mti, Mzee wangu. Huu ni mlango."

"Na kabla ya kuwa mlango ulikuwa nini?"

Shomari aliona huyu mzee atamchelewesha. Akapiga pampu, akawasha.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Aliuzungusha moto polepole, haugandi mahali pamoja, na rangi ikavimba kama chapati: kijani ikatoka, chini yake bluu, chini yake nyekundu. Kwa kila rangi watu waliguna kwa kuridhika. Shomari akaanza kujiona tayari ni fundi wa kijiji, ametundika jembe darini.

Alipofika kona ya juu ya fremu, kitu cha njano kikachuruzika kwenye glavu.

"Gundi ya Kijerumani," akawaeleza watu. "Siku hizi haipatikani."

"Hiyo ni nta," akasema Luhende, akageuka, akaondoka kwa mwendo ambao hakuna aliyejua bado anao.

Fremu ikanguruma. Kipande cha rangi kikadondoka, na kwenye tundu wakamiminika nyuki, wenye nyumba wa miaka mingi. Kufumba na kufumbua uwanja ulikuwa mtupu, umebaki na viatu.

Miguu ya Shomari nayo ilitaka kwenda. Lakini bomba lilikuwa linawaka mkononi, juu nyasi, ndani pamba. Nyuki wa kwanza akamkuta kwenye nyusi, wa pili sikioni, kisha akapoteza hesabu. Akaugeuzia moto mbali na ukuta, akafungua skrubu, pumzi ikatoka, ulimi wa bluu ukafa. Akalisimamisha bomba ndani ya mchanga. Halafu, na hapa ndipo waliojificha walipodhani amerukwa na akili, akaipapasa fremu yote kuhakikisha hakuna kaa lililobaki. Ndipo akakimbia. Walimpata ng'ambo ya reli.

Jioni wanakamati walikuja kumjulia hali. Uso wake ulikuwa kama boga, jicho moja limefungwa kabisa.

"Mlango haujaisha," akasema Lugembe.

"Najua, Mwenyekiti. Jumatatu nitakuja shambani."

"Utakuja na macho ya nani?" Lugembe akakohoa. "Tumekaa, tumezungumza. Mtu wa kuumwa vile na asitupe moto hatuna mwingine. Ghala bado lipo. Mgeni ataona nusu ya mlango, tutamwambia kazi inaendelea. Jembe utalirudisha stoo."

"Sasa shambani tutamcheka nani?" akauliza Getruda, na alionekana amehuzunika kweli.

Walipoondoka, Mwanajuma alimtoa miiba kwa mwanga wa kibatari, akampaka asali aliyoleta Luhende, akajilaza. Shomari akabaki chali, maana mashavu yote mawili yalikataa mto.

"Mama Tatu," akamwambia mkewe kwa midomo iliyovimba, "ile skrubu niliifungua kabla sijahisi maumivu, ujue."

Mwanajuma alikuwa anakoroma. Shomari akamweleza hivyo hivyo, tangu mwanzo, akifika kwenye skrubu anarudia, sauti ikawa inapungua, mpaka naye akapitiwa na usingizi.