Pasu kwa Pasu

Tryphena alisimama mlangoni mwa nyumba ya marehemu baba yake, kijijini Mraru. Mezani palikuwa na bahasha wazi, makasi, na stempu mbili, kila moja imelala kivyake. Asubuhi alipotoka kwenda Voi kumchukua Hanif, zilikuwa zimeshikana.

"Nani amegusa hii kitu?"

"Mimi, dada," akajibu mdogo wake Danson, aliyekuwa ametoka Taveta. "Nimechukua yangu. Hiyo nyingine ni yako."

Haya, mtu kama huyo umfanye nini?

Miaka arobaini na sita baba yao, Festus, alibeba jina la Makasi. Alikuwa akiuza stempu dirishani katika ofisi moja ya barua. Siku moja ikaja karatasi ya stempu ambayo mashine iliruka mstari mmoja, haikutoboa vile vitundu vya kuchania. Mkubwa wake akasema Festus ndiye amekata meno ya stempu kwa makasi, apate kuwauzia wakusanyaji wa stempu, wanaopenda zenye kasoro, kwa bei ya ajabu. Akafukuzwa kazi hivyo hivyo. Tryphena shuleni aliitwa binti Makasi, akapigana mpaka akachoka.

Lakini mzee alikuwa amejinunulia stempu mbili za mstari ule, zimeshikana, katikati hakuna hata kitundu. Huo ndio ushahidi. Makasi hukata, hayazibi tundu. Hakuruhusu hata zipigwe picha, maana picha, alisema, hutengenezwa. Alipokufa, Tryphena akamtafuta Hanif, anayezijua stempu kuliko mtu yeyote Voi, azipime na kuandika barua. Barua ingesomwa kanisani Jumapili, kwenye ibada ya kumkumbuka mzee.

"Danson, kwa nini umekata?"

"Si wewe ulisema? Siku ya matanga ulinikemea mbele ya wazee kwamba nimejichukulia shamba la Mahoo. Ukasema kila alichoacha Baba, pasu kwa pasu. Tena moja ilitoka pana, nikaipunguza zilingane."

"Baba alikueleza mara ngapi habari ya hizi stempu?"

"Alikuwa anakueleza wewe. Mimi alikuwa ananituma kuchunga ng'ombe."

Maneno yale ya pasu kwa pasu Tryphena aliyasema kweli, kwa mdomo wake huu huu, na siku ile yalimpendeza sana.

Hanif alikuwa ameshainama na lenzi yake. Alizigeuza stempu taratibu, akazipima meno kwa kadi yake ya kupimia vitundu, akarudia tena.

"Bi Tryphena, uniwie radhi," alisema. "Pande tatu meno ni timamu. Upande wa nne pameingia makasi, na karatasi ya katikati imepunguzwa, hazirudi kukutana. Kama palikuwa na vitundu au hapakuwa, haijulikani tena."

"Lakini umemsikia akisema amekata leo!"

"Nimemsikia, na ninamwamini. Ila yeye ni mtoto wa marehemu, nani atamsadiki? Mimi nikiandika, nitaandika nilichokiona. Zimekatwa kwa makasi."

Ndiyo maneno ya yule mkubwa wa ofisi, neno kwa neno. Tryphena alitamani kumzaba mtu kofi, na hakujua aanze na nani. Akaokota stempu yake, akaitia kiganjani mwa Danson.

"Chukua na yangu."

"Ya nini sasa, dada?"

"Jumapili wakiuliza Makasi ni nani, usiwaonyeshe kaburi la Baba. Waonyeshe sisi wawili."