Kitu Kisichokuwepo Hakiumi

Katika karakana ya mbao ya kaka yangu waliniita Simu. Kila nilipotikisa kichwa kuufukuza mlio wa sikio la kushoto, mwembamba kama wa birika linalokaribia kuchemka, kaka aliweka mkono sikioni na kupaza sauti, "Haloo! Nani mwenzangu?" Vijana walicheka mpaka wakakaa chini kwenye vumbi la mbao.

Daktari aliniambia kelele za mashine zimeua vijinywele vya ndani ya sikio, na ubongo ukikosa habari kutoka huko hujitungia sauti yake. Dawa ya kuuzima mlio hakuwa nayo. Alisema nivae vifuniko vya masikio, nisipoteze na usikivu uliobaki.

Nikamwomba kaka vifuniko.

"Mashine zangu hazijamla mtu sikio," akasema. "Hiyo ni gesi ya tumbo, imepanda. Nikikununulia wewe, kesho wote hawa wataumwa masikio."

Sipendi kubisha jambo kabla ya kulijaribu. Niliacha maharage; mlio ukabaki. Kaka akaleta kitunguu, akanikamulia sikioni mwenyewe, shemeji akinishika kichwa. Mlio ukabaki, na ngozi ya ndani ikababuka. Kuna siku ulipungua nikafurahi, mpaka nilipogundua kwamba ni mvua tu inapiga bati.

"Basi haumo sikioni," kaka akakata shauri. "Umo kichwani mwako. Kitu kisichokuwepo hakiumi, bwana mdogo. Rudi kwenye mashine."

Asubuhi moja alikuwa akisukuma ubao kwenye randa ya umeme. Nikatikisa kichwa. Akaniona. Mkono wa kushoto ukaenda sikioni, wa kulia ukaendelea kusukuma.

"Haloo!"

Alikuwa bado ananitazama, akingoja vijana wacheke, randa ilipochukua vidole viwili. Yowe lake sikulisikia vizuri. Niliona mdomo tu, umeachama.

Aliporuhusiwa kutoka hospitali nilikwenda kumjulia hali. Alikuwa amelala sebuleni, mkono umefungwa bandeji, jasho linamtoka.

"Kidole kinaniungua, mdogo wangu. Kama kimebanwa na mlango."

"Kipi?"

"Hiki." Akaonyesha hewa iliyokuwa juu ya bandeji.

"Daktari anasemaje?"

"Ati ubongo unangoja habari za vidole. Ukizikosa, unazitunga." Akainamisha macho. "Na vidonge havishiki. Maumivu ni ya kweli, wallahi. Wewe si unaniamini?"

Nilimwamini. Hakuna mtu mjini mle ambaye angemwamini kuliko mimi, na njiani nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kumpoza. Lakini mkono wangu uliinuka wenyewe, ukaenda sikioni.

"Haloo," nikasema taratibu. "Nani mwenzangu?"

Shemeji alicheka kabla hajawahi kuziba mdomo. Kaka akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka.

"Shemeji," nikauliza, "kitunguu kipo jikoni?"