Bwana Kengele

Kimya kilimtoka kaka yangu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, bomba la mvuke lilipopasuka karibu na sikio lake pale kiwandani kwetu, tunakotengeneza sabuni. Aliokota kofia yake, akaniuliza, "Nani anapiga kengele?" Hakuna aliyekuwa akipiga.

Daktari alisema mlio huo hauna dawa, atauzoea. Akauzoea kwa njia zake: alilala feni ikimvumia sikioni hata wakati wa baridi, akala huku redio ikikoroma bila stesheni. Mama alilalamika kichwa kinamuuma, lakini hakuizima.

Kazini ilikuwa ngumu zaidi. Yeye na mwenzake walikuwa wakiingia ndani ya pipa la kuchanganyia, kubwa kama chumba, kukwangua sabuni iliyoganda. Mimi nilikaa kwenye swichi ya kuzungusha mapanga yake ya kukorogea. Sheria ilikuwa nipige kengele mara tatu ili watoke, nihesabu hadi mia, ndipo niwashe. Kaka akawa anatoka kabla sijapiga, kikwangulio mkononi, anatazama huku na huku. Siku moja nikamwambia, "Karibu, Bwana Kengele." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na jina likamganda. Mama alipolisikia alisema, "Mzaha mzaha hutunga usaha." Nikamjibu ni utani wa ndugu tu.

Msimamizi hakucheka. Alimwambia, "Ukitoka tena bila kengele, usisimame hapa. Nyoosha mpaka getini."

Tangu hapo kaka hakutoka kwa kusikia. Alitoka kwa kumwona mwenzake akitoka. Miaka mitatu ikapita, sisi tukadhani amepona.

Siku mwenzake alipokwenda msibani, kaka alinifuata kwenye swichi.

"Mdogo wangu, leo niko peke yangu. Ukishapiga, njoo uniguse bega."

"Nisikubebe mgongoni kabisa?"

"Wewe njoo tu."

"Na kamasi nikufute, Bwana Kengele?"

Wakacheka wote waliokuwapo. Naye alicheka kidogo, akaingia.

Nilipiga mara tatu, nikaanza kuhesabu. Nilipofika sitini niliinuka niende. Wenzangu walikuwa wakinitazama, na mmoja alishainama, mikono nyuma, akijifanya amebeba mtoto mgongoni. Nikakaa. Nikahesabu hadi mia, nikawasha.

Waliokuja kuchunguza waliandika kwamba sheria ilifuatwa. Mama aliniuliza jambo moja tu, kama kengele nilipiga. Nikamwambia nilipiga. Habari ya bega sijamwambia hadi leo. Redio iko palepale mezani, imezimwa, na tunakula tukisikia vijiko.

Sheria imeongezwa mstari mmoja: kabla ya kuwasha, mwenye swichi aingie ndani ya pipa na kumgusa bega kila aliyemo. Mwenye swichi bado ni mimi.