Kitufe cha Nyota kwenye Usukani wa Sumaili

"Hiyo butoni hautaigusa, Papa Yasmine. Kwanza bantu ba kampuni bamuone bwana yangu," alisema Chileshe, ameng'ang'ania mlango wa gari kama anazuia mbuzi asitoroke.

"Mama Kunda, jana nimegonga ukuta juu ya kukosa kamera ya nyuma," alijibu jirani yake Sumaili. "Volani iko na butoni mbili tu za kupanga. Moja ya radio, moja ya kamera. Bwana yako tunamupenda, lakini pa volani hapana."

Majirani wa mtaa wa Kasungami walikuwa wameshatoa viti nje.

Kosa lilikuwa la Sumaili. Gari lake la umeme lilitoka China na menyu ya Kichina, na yeye, mwuza vitenge, huchagua kwa macho: alibonyeza mstari wenye alama iliyofanana na kamera. Tangu hapo, kila akigusa kitufe cha nyota, Numbi, mume wa Chileshe, hutokea kiti cha mbele, kofia ya mgodini kichwani, mkanda ameshafunga. Shimo lilimfunika mwaka juzi. Kobalti aliyoilalia ilichotwa pamoja naye, ikavuka bahari, ikaingia kiwandani, ikarudi ndani ya betri. Safari haikuwa mbaya, alisema, ila meli ilikuwa na joto. Humwelekeza Sumaili vizuri akirudi nyuma. Ukuta uligongwa siku Numbi aliposinzia.

Shida ya Chileshe ilikuwa kampuni ya mgodi. Ilisema Numbi hakuingia shimoni siku ile, alikimbilia Zambia na mwanamke. Wakwe wakakataa matanga, na bombani, kwenye foleni ya maji, watu walimsema yule mwanamke, ambaye kila wiki umbea ulimvisha gauni jipya. Chileshe alitaka neno moja tu kutoka kwa kampuni: alikufia kwetu.

Sumaili alishindwa. Wakaenda kwa kampuni, Numbi mbele, Chileshe nyuma, amebanwa na majirani wawili waliosema wanasindikiza.

Getini alitoka Floribert, mkuu wa wafanyakazi, akampa Numbi mkono dirishani.

"Numbi, ça va? Umekonda."

"Ça va, chef."

"Chef," alisema Chileshe, "sema basi kama alikufia kwenu."

Floribert alifikiri kidogo. "Mama, muntu ni huyu, ananisalimia. Nitasema alikufa namna gani? Mulisema amepotea. Si mumemupata?"

Akawatumia watoto salamu, akarudi ndani kwenye ubaridi.

Wakarudi, wakafika njia panda ya Kipushi.

"Na ule mwanamuke wa Zambia?" aliuliza Chileshe.

"Mwanamuke gani?" alisema Numbi. "Zambia nilipita ndani ya mufuko ya kobalti."

Majirani wa nyuma waliangua kicheko, na kabla gari halijasimama Kasungami, habari ya mfuko ilikuwa imefika kwa simu. Kampuni haikubadili neno. Wakwe nao walisema watangoja kampuni.

Sumaili aliinama juu ya usukani, akaitoa redio kwenye kitufe cha pili, akaweka kamera. Nyota akaiacha.

Chileshe alizunguka gari, akamfungulia mumewe mlango.

"Shuka, Papa Kunda. Matanga yako tutaifanya na weye mwenyewe. Ingia ukule, bukari isipoe."