Bluzi ya Mwamvita

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu huko Chang'ombe, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo tulirekodi Jumapili, mafundi wakiwa wamefunga. Tulipiga wote wanne kwa pamoja, maiki ya mmoja ikinasa na sauti ya jirani yake. Mimi piano, Nurdin ngoma, Brightson besi, na mzee wetu Twalib saksafoni. Ukikosea humo, umewakosea wote.

Nyimbo kongwe za jazi tulizimaliza mapema. Ikabaki bluzi moja, ya Twalib mwenyewe, aliyomtungia mkewe Mwamvita. Jumanne iliyofuata Twalib alikuwa anakwenda kuondolewa koromeo, saratani haibembelezwi. Baada ya hapo hatapuliza tena kitu, hata moto wa mkaa. Alitaka tu amwachie mkewe bluzi hiyo, aipige mwenyewe mpaka mwisho.

Sasa, bendi yetu ina desturi: mpulizaji akishusha saksafoni mdomoni, zamu yake imekwisha, wa pili adake. Twalib alipiga ubeti wa kwanza mwili ukanisisimka. Katikati ya wa pili pumzi ikamkata, akashusha chombo avute hewa kidogo. Brightson, mtiifu kupita kiasi, akadaka. Na alipiga, jamani! Nilimchukia kwa jinsi alivyopiga vizuri.

"Turudie," nikasema wimbo ulipoisha.

Twalib akajaribu. Saksafoni ikakoroma, basi. Akaketi.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Iacheni hiyohiyo. Na dogo msimlaumu, nimeshusha mwenyewe."

Brightson alilia pale pale. Sikumbembeleza, hasira zilikuwa zimenijaa.

Albamu ilipokamilika tukaipeleka kwa Twalib, Temeke. Alikuwa na tundu shingoni, limefunikwa kitambaa cheupe, na sauti hana. Mwamvita akazima feni ili asikie vizuri. Bluzi yake ilipoanza akatabasamu. Besi ilipodaka zamu akanigeukia.

"Shemeji, si mlisema hii ndo yangu? Mbona mume wangu simsikii tena?"

Brightson akainamisha kichwa. Mwamvita akasogeza sikio kwenye spika, akakunja uso.

"Na huyu anayehemahema huku nyuma ni nani?"

Twalib akanyoosha mkono, kama mwanafunzi darasani.

Mwamvita alimtazama mumewe. Kisha akaurudisha wimbo nyuma, pale pale kwenye pumzi, akausikiliza upya.