Wimbi la Marlys

Katika maabara ya Profesa Thorvaldson, pale Winnipeg, mgeni hakaribishwi kwa kahawa. Anamezeshwa kidonge, anapakwa jeli baridi kichwani, anavishwa kofia ya nyaya, kisha anasikilizishwa milio. Mizito ni mingi, mwembamba ni wa nadra. Akisikia mwembamba anabonyeza kitufe, na ubongo unaposhtuka wimbi linapanda kwenye kompyuta. Wanatafuta jinsi dawa ya usingizi inavyouzubaisha ubongo. Nusu ya vidonge ni dawa, nusu ni unga mtupu, na pale maabara hakuna ajuaye kipi ni kipi mpaka bahasha ifunguliwe.

Marlys Friesen na Garth Sawchuk, wanafunzi wake wawili, walivishwa kofia hiyo siku moja. Nafasi ya uzamivu waliyoiwania ilikuwa moja tu, na Marlys alikuwa ameshaacha kazi na mchumba kwa ajili ya nafasi hiyo.

Wimbi la Garth lilipanda juu. La Marlys lilichelewa, likajikongoja, likalala.

"Hodi!" Garth akamgonga utosini. "Hodi humo ndani! Wenyewe wapo?"

Maabara nzima ikaangua kicheko. Profesa naye, anayefundisha kila mwaka kwamba wimbi la mtu mmoja halipimi akili yake, alicheka, akalichapa la Marlys na kulibandika ukutani. Roho mbaya tu, hakuna jina jingine.

"Ni dawa hiyo," Marlys akasema. "Macho yananiwia mazito. Wewe umepewa unga, ndiyo maana unatamba."

"Haya bibie, tutaonana Ijumaa bahasha ikifunguliwa."

Marlys aliyashika maneno yake ya dawa kwa mikono miwili. Aliposinzia kwenye basi alifurahi moyoni.

Ijumaa, pizza ikiwa mezani, Profesa alifungua bahasha.

"Garth, dawa." Akatabasamu. "Marlys, unga."

Safari hii Garth hakucheka. Alimsogezea kipande cha pizza, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Lakini Profesa, si wewe unayetufundisha kwamba..."

"Nafundisha, ndiyo. Nafasi ni ya Garth." Profesa akajifuta mafuta vidoleni. "Ila usiende mbali, binti. Tunahitaji ubongo wa kulinganishia, na wako unasinzia bila hata dawa. Jumatatu uje umeosha nywele."

Marlys alitazama wimbi lake pale ukutani. Machozi yalimlengalenga, akayameza.

"Saa ngapi?" akauliza.