Vipimo vya Gauni la Harusi

Marehemu mume wangu alikuwa fundi cherehani, na kama mafundi wenzake alikuwa mwongo wa siku ya kuchukua nguo. Kwenye vipimo, lakini, hakukosea hata kidogo. Neno lake la siri la mtandaoni aliniambia huku akicheka: kifua, kiuno na nyonga zangu, alivyonipima gauni la harusi. "Unatembea nayo kutwa, mke wangu. Utasahauje?"

Simu yake iliharibika wiki mbili baada ya mazishi. Ikabaki akaunti tu huko mtandaoni, na ndani yake sauti alizomrekodia binti yetu alipokuwa mchanga. Sasa mtoto ana miaka sita. Juzi aliniuliza baba yake alikuwa akiongeaje, nami nikamwahidi kwamba Jumamosi atamsikia. Mdomo huu uliniponza.

Jumamosi wifi yangu, dada wa marehemu, akaja na kompyuta yake. Binti alishavaa visikizio tangu asubuhi, akakaa kitako kusubiri.

Nikajipima kwa utepe wa marehemu, tukaandika. Mashine ikakataa. Jamani, mimba na miaka yote hii imepita humu, kiuno cha bi harusi ningekitoa wapi? Nikafungua daftari lake la vipimo. Ukurasa wangu haumo. Niliuchana mwenyewe mwaka juzi, nikafungia vifungo vya mteja. Nilijitukana kimoyomoyo matusi yasiyosemeka mbele ya wifi.

Tukabonyeza pale pa waliosahau. Ikatuambia namba imetumwa kwenye laini ya marehemu, laini ambayo ilishapewa mtu mwingine. Nikampigia huyo bwana, nikamsalimia kwa heshima, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema matapeli wa siku hizi hawana haya, mpaka wanajifanya wajane. Akakata. Nilipopiga tena, hakupatikana.

Mashine ikatuonya kwamba imebaki mara moja tu, tukikosea akaunti itafungwa kabisa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama, nikavuta sanduku, nikatoa gauni. Nikalitandaza kitandani, nikalipima kila upande, nikapunguza ile nafasi ya kupumulia aliyopenda kuacha. Moyo ulinidunda kwa furaha, nisiseme uongo. Wifi alikuwa akipapasa mishono ya ubavuni.

"Wifi," akasema taratibu, "hili hata mimi niliolewa nalo. Kaka alilipanua."

Kweli. Na baada yake akalivaa mdogo wangu, mwembamba kama sindano, likabanwa tena. Tulijivuna sana mtaani, gauni moja kuoza watu watatu. Vipimo vyangu vilishafumuliwa zamani, na aliyevijua yuko kaburini.

Tukajaribu hivyo hivyo. Tungefanyaje? Ikaandika kwamba akaunti imefungwa na haitafunguliwa tena. Wifi akafunika kompyuta, akaenda kusimama mlangoni akitupa mgongo. Mimi nililia, na nilikuwa nimeapa sitalia mbele ya mtoto.

Binti akauliza kama baba ameshaanza kuongea. Nikapiga magoti nyuma yake, nikaifanya sauti yangu nzito, kadiri nilivyomkumbuka. "Mwanangu, hujambo?"

"Mama, huyo ni wewe," akasema, na visikizio hakuvivua.